Niliwaomba Wafiwa Damu

Jumamosi, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa tisa unaozoa vumbi la barabarani na kulileta mpaka kitandani. Nimefagia sebule, nikafagia tena, na bado nasikia mchanga kwenye meno. Nimerudi kutoka Kibaigwa. Nyemo, mke wangu, yuko chumbani. Amelala, au amefumba macho tu, siku hizi siwezi kutofautisha. Mama mkwe yuko jikoni anamchemshia maji ya kuoga.

Nimekaa kuandika kwa sababu leo nimezungumza na watu nisiowajua zaidi kuliko nilivyozungumza mwaka mzima, na moyo wangu mzito kama jiwe.

Wanaopita hapa bloguni mara kwa mara wananifahamu. Kwa anayepita leo kwa mara ya kwanza: naitwa Yohana, kwetu Kibakwe, naingiza takwimu kwenye kompyuta katika ofisi moja hapa mjini. Niliichagua kazi hiyo kwa sababu haitaki mdomo.

Nyumbani walikuwa wanamsifia mama kwamba kazaa mtoto mpole. Mimi najua ni hofu. Nikimkaribia mtu mgeni, maneno niliyoyapanga tangu mbali yanayeyuka nikifika mbele yake. Dukani naenda kule mbali ambako mtu anajichukulia bidhaa mwenyewe, maana duka la jirani lazima useme unataka nini, na ukishasema utaulizwa na habari za nyumbani. Simu ikiita kwa namba ngeni naitazama mpaka inyamaze yenyewe. Nikikuta watu wamekaa kibarazani nabadilisha njia, kisa tu nitalazimika kuwasalimia wote.

Ninachoogopa ni kuwasumbua watu. Nikifungua mdomo nahisi nimemtoa mtu kwenye shughuli zake za maana.

Nyemo hakuwa na habari na mambo hayo. Yeye ni mtoto wa Kongwa, kwao wana ng'ombe na wageni hawaishi, amekua akimkaribisha kila anayepita. Hata sisi tulijuana kwa sababu yeye alianza. Mimi nilikuwa nakula peke yangu kwenye kona ya mgahawa karibu na ofisi, akaja akaketi mbele yangu na sahani yake, akasema, "Kaka, kila siku unajificha huku. Unaogopa tutakula nyama yako?" Tukaoana. Tangu hapo ndiye aliyezungumza na mwenye nyumba, na majirani, na fundi bomba, na hata kliniki alipokuwa mjamzito, nesi akiniuliza mimi swali, yeye ndiye aliyejibu. Mimi nilibeba mfuko.

Jumanne ya wiki iliyopita alishikwa na uchungu kabla ya alfajiri. Nikampeleka hospitali. Akaniacha mlangoni mwa wodi ya wazazi akiniambia nisikae nimenuna hivyo, watu watadhani tumegombana. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya utani niliyoyasikia.

Nikakaa kwenye benchi. Jua likapanda. Nesi akatoka akaita, "Ndugu wa Nyemo!" Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Hakuniona, akaita tena. Nikasimama.

"Wewe ni nani yake?"

"Mume."

"Baba, pole sana. Mtoto tumempoteza. Sasa tunampigania mama. Anatoka damu nyingi mno, daktari anamwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi, na damu ya kundi lake tuliyo nayo haitoshi. Nenda kapime yako, halafu nitafutie watu. Wengi kadiri utakavyoweza. Usikae hapo, baba. Nenda."

Alisema yote kwa pumzi moja. Habari za mtoto zilipita hivyo, katikati ya nyingine, sikupata hata nafasi ya kuzishika.

Damu yangu haikulingana na yake. Waliitoa hivyo hivyo waiweke kwenye akiba, wakanifunga pamba mkononi, wakaniuliza, "Wenzako wako wapi?"

Wenzangu. Mama mkwe alikuwa ndani ya basi kutoka Kongwa. Ndugu zangu wako Kibakwe, na kutoka milimani kule mpaka mjini ni safari. Nilikumbuka kundi la WhatsApp la ofisini, ambamo sijawahi kuandika neno. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikatuma. Ujumbe uliofuata chini ya wangu ulikuwa wa mtu anauliza ufunguo wa stoo anao nani. Baadaye wawili walikuja, nawashukuru, lakini walifika jua likizama.

Nikabaki na waliokuwepo pale hospitali. Watu nisiowajua.

Nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi na mwanawe kijana mwenye afya nzuri. Nikamwamkia, akaitikia. Nikabaki nimesimama. Akanitazama, nikamtazama. Nikasema kitu kuhusu mke wangu na msaada, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma: "Sina kitu, mwanangu. Hata sisi tumefika hapa kwa kuchangiwa."

Alidhani naomba hela. Ilikuwa nimwambie hapana mzee, si hela, ni damu. Nikasema, "Asante, mzee," nikaondoka.

Nje ya geti kuna mama anauza uji na chapati, na wateja walikuwa wamemzunguka. Nikasema nitaanzia kwake, ana sura ya mtu mwema. "Karibu kaka, nikupe uji au chapati?" Nikafungua mdomo. Nikasema, "Chapati."

Mke wangu anavuja damu, mimi nimeshika chapati.

Sitaki kuyapamba haya. Nilizunguka jengo kwa sababu sikuweza kurudi mbele ya yule nesi peke yangu, na kwa kuzunguka ndiyo nikatokea upande wa mochwari. Pale palikuwa na watu wengi. Lori la Fuso lilikuwa limefungwa kitambaa chekundu mbele. Wanawake walikuwa wamekaa chini na khanga zao, wanaimba polepole. Wanaume walisimama kando mikono kifuani, vijana wenye mabega mapana, ukiwatazama unajua ni watu wa kubeba mizigo. Walikuwa wanasubiri maiti yao ivalishwe.

Nilielewa ninachotaka kufanya, na nilielewa ni ukosefu wa adabu. Hakuna mtu aliyenilea nikaombe kitu kwa mfiwa ambaye bado hajazika.

Nikawasogelea. Kijana mmoja akanipa mkono, akasema kwa upole, "Pole, ndugu yetu. Wewe ni wa upande wa shemeji?" Alidhani ni mwenzao katika msiba. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo, nisimame nao, niiname kama wao. Naapa nilitaka kufanya hivyo.

"Hapana," nikasema. "Siwajui. Mke wangu yuko mle ndani. Amejifungua, mtoto amekufa, na yeye anatoka damu. Wanataka watu wa kumtolea damu. Mimi sina watu."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema kwamba mtoto amekufa. Sauti ilitoka kubwa na imepasuka, kama ya mtu anayegombana. Wanawake wakaacha kuimba.

Wote wakageuka. Hicho ndicho kitu nilichokikimbia tangu utotoni, umati wote kunigeukia mimi.

Bibi mmoja akasema, "Jamani! Hata maiti yetu hatujaitoa mlangoni!" Mwingine akaguna. Alisema kweli.

Akatoka mwanamume wa makamo, macho mekundu. Baadaye nilijua anaitwa Lameki na ndiye kaka wa marehemu. Akaniuliza kundi la damu, nikamtajia. Akauliza wanaitaka lini. Nikasema sasa hivi. Akautazama mlango wa mochwari.

"Mdogo wangu hana haraka tena," akasema. Kisha akawageukia wale vijana. "Mwenye afya yake aje."

Wakaja. Walikuwa wapakiaji wa magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa, waliofanya kazi na marehemu. Yeye alianguka kutoka juu ya lori, akalazwa hapa mjini, akafia hapa. Walijipanga kwenye korido ya maabara wamekunja mikono ya mashati. Mmoja, jitu la miraba minne, aliogopa sindano mpaka wenzake wakamshika bega. Wengine walirudishwa baada ya kupimwa. Waliolingana na Nyemo walikuwa wachache, lakini walitosha. Ambao hawakulingana walitoa pia, ya akiba. Lameki alitoa. Alikuwa analia kimya wakati damu inatoka, na mtaalamu wa maabara alidhani anaumia, akamwomba radhi.

Yalichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Wakati huo jeneza lilishatoka na kupakiwa, wanawake wamekaa juu ya fuso pembeni yake, jua linashuka. Niliwapelekea maji. Yule bibi akanipa mgongo.

Walipoondoka nilimshika Lameki mkono nikasema asante, neno hilo moja tu. Aliniachia namba yake ya simu. Fuso likatoka getini. Ndipo nilipogundua sikuuliza hata marehemu anaitwa nani.

Nyemo alipona. Daktari alinieleza kwenye korido kwamba walilazimika kuondoa kizazi ili awe hai. Mama mkwe alikuwa ameshafika, akasema niache, atamwambia yeye, haya ni mambo ya wanawake. Nilitamani sana kumwachia. Nikasema, "Hapana mama, nitamwambia mimi." Nilimwambia yote mawili, la mtoto na la kizazi. Sikuyasema vizuri. Nilirudia sentensi moja kama mara tatu. Alinitazama mpaka nikamaliza, halafu akageukia ukutani.

Tangu siku ile Nyemo hasemi. Anaitikia ndiyo, anaitikia hapana, anaomba maji. Basi.

Mtoto alikuwa wa kike. Tulimzika kwenye makaburi ya huku mtaani, mimi na mama mkwe na wanaume wa mtaa ambao kwa miaka yote niliwakwepa kibarazani. Walichimba wao. Mmoja aliniuliza jina la mtoto ili waandike kwenye msalaba, nikasema Nyemo alikuwa na jina lakini hakuniambia, alitaka anishtukize. Yule baba akainamisha kichwa, akaendelea kupiga sururu.

Wageni wa kutoa pole wanakuja kila siku. Mimi ndiye ninayewapokea sasa. Natoa viti, naeleza, naitikia pole, nawasindikiza. Wakiondoka nakwenda msalani nakaa humo mpaka nisikie hodi nyingine. Natamani ningeandika kwamba nimepona hofu. Hofu ipo yote. Ila hakuna mwingine wa kwenda mlangoni.

Jana niliipiga namba ya Lameki, nikamwomba nije kutoa pole na kushukuru. Akasema njoo, shemeji yangu bado amekaa msibani.

Leo asubuhi nikapanda basi. Kibaigwa ni malori mpaka macho yachoke, na madalali wanaita kila anayeshuka kituoni: "Bosi, mahindi! Unapakia au unashusha?" Nilitembea kati yao nimeinamisha uso. Lameki alinipokea barabarani tukaenda nyumba ya nyuma ya soko. Kwenye mkeka alikaa mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria, amejifunga khanga mpaka kifuani, na watoto wawili wanacheza na vizibo vya chupa mbele yake.

Lameki akasema, "Shemeji, huyu ndiye yule kaka wa hospitali."

Yule mama akaniinulia macho. "Wa damu?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Kumbe ni wewe."

Nikaketi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, mazuri tu. Hakunipa nafasi. Akaanza kunieleza, bila hasira, kama mtu anayemwambia jirani habari za jana. Kaburi lilikuwa tayari tangu mchana siku ile. Watu walikaa juani. Mchungaji alisubiri mpaka akaondoka, alikuwa na ibada kwingine. Ndugu waliotoka mbali wakarudi bila kuzika. Fuso lilipofika giza limeingia, ikabidi jeneza lilale ndani ya nyumba mpaka kesho yake.

"Huyu mdogo," akasema, akimwonyesha mtoto kwa kidevu, "akajua baba yake amerudi. Amelala pembeni ya jeneza, anamwita. Tukimtoa, anarudi. Mpaka kumekucha anamwita. Ungekuwepo ungesikia."

Mtoto aliendelea na vizibo vyake.

Maisha yangu yote nimeogopa kuwasumbua watu, na walionipenda waliniambia ni mawazo yangu tu, hakuna ninayemsumbua. Leo nilikaa mbele ya mtu niliyemsumbua kwelikweli. Nilimwondolea mumewe mazishi ya heshima na kumwongezea mwanawe usiku ambao hatausahau.

Zamani ningesema asante, ningesimama, ningeondoka. Mwili wangu wote ulitaka hivyo.

"Mama, nisamehe," nikasema. Halafu nikasikia mdomo wangu unaendelea. "Lakini sitakudanganya. Ikirudi siku ile, nitawaomba tena."

Lameki akaangalia chini. Mimi mwenyewe nilishtuka. Yule mama akanitazama, nikajitahidi kutokwepesha macho.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai. Lakini hasemi."

"Na mtoto?"

"Hakupona."

"Hakupona," akarudia taratibu. Akavuta mkeka kidogo, akamsogeza mtoto mkubwa, nikapata mahali pa kunyoosha miguu. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza tena. Waliniletea chakula nikala nao. Akaniuliza Nyemo anakula nini, nikamjibu uji tu. Akasema nisimwache na uji peke yake, mtu aliyepoteza damu anataka mboga za majani na maini, na nimlishe mwenyewe kama hataki.

Nilipoaga akanisindikiza hadi kizingitini.

"Jina la mume wangu unalijua?"

"Sikuliuliza, mama."

"Anaitwa Daudi. Ukiisimulia habari hii, mtaje. Asiwe maiti tu iliyochelewa."

Basi, anaitwa Daudi. Alipakia mahindi Kibaigwa. Alikuwa akiimba akiwa juu ya magunia na wenzake chini wakiitikia, hivyo ndivyo Lameki alivyoniambia njiani. Ameacha mke na watoto wawili, na alicheleweshwa kaburini kwa ajili ya mke wangu.

Nimefika nyumbani nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamsimulia Nyemo yote. Hata ya chapati, ambayo nilitaka kuificha. Miaka yote yeye ndiye aliyesimulia na mimi nikasikiliza. Sikujua ni kazi ngumu hivi kumsimulia mtu aliyegeukia ukutani. Nilipofika pale mtoto anapomwita baba yake, mabega yake yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakulia hospitali wala tangu arudi nyumbani. Mama mkwe akaja mbio, akasimama mlangoni, akarudi jikoni.

Alipotulia akasema, "Wetu nilitaka kumwita Tumaini."

Kisha akafumba macho. Hayo tu. Sijui kama kesho atasema tena.

Giza limeingia na upepo bado haujatulia. Kesho ni Jumapili. Baada ya ibada watakuja watu wa kanisani, na wapo kati yao ambao hawajapata habari. Waliona tumbo mwezi uliopita, wataingia na khanga ya zawadi wakiuliza mtoto yuko wapi wamshike. Nitawasubiri nje, kabla hawajafika chumbani. Nitawaambia mimi mwenyewe, na nitalitaja jina la mtoto.

Sauti itatetemeka. Itetemeke tu.